Mzibua mitaro anayeyaomba maji yatembee polepole

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mvua inaangusha matone ya kwanza, makubwa, ya kugonga bati mojamoja. Barabara inayopita mbele ya shule inageuka uwanja wa mbio. Muuza viatu anafunika bidhaa zake kwa turubai, mama mwenye mtoto mgongoni anajibanza kwenye ukuta wa duka la dawa, na kinyozi anawakaribisha watu kibarazani kwake kwa sharti moja: asiyekuja kunyoa asikalie kiti.

Mtu mmoja tu anakwenda kinyume na wenzake. Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa na mabuti ya mpira yanayomfika magotini. Anatoka kibarazani, anaingia mvuani na kopo mkononi, kisha anachuchumaa kwenye mdomo wa mtaro wa shule. Maji yanapoanza kwenda kwa nguvu, anamimina humo vifuniko vya chupa za soda, arobaini kamili, vyote vimepakwa rangi nyeupe ya kucha. Vinaondoka vikizungukazunguka. Anatazama saa.

"Ameanza tena kupanda mbegu zake," anasema kinyozi kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mwaka huu tutavuna soda."

Watu wanacheka. Hata yeye anacheka, lakini macho hayabanduki kwenye saa.

"Mimi naiogopa dakika ya sita," anamwambia mwandishi wa makala haya, ambaye amelowa chapachapa na bado hajaelewa vizuri amefuata nini. "Vikifika chini kwa dakika sita, basi wiki tatu zote tumefanya kazi bure."

Chini anakokusema ni mwisho wa mtaro huo, mita kama mia nane kutoka shuleni, mahali ambapo maji yanatoka kwenye zege na kuangukia udongo mtupu. Udongo huo umechimbika mpaka likawa korongo, na korongo kila msimu linapanuka. Ukingoni pana nyumba ya vyumba vitatu. Katika chumba cha nyuma, kile kilicho karibu kabisa na korongo, analala mama yake mzazi.

Mwenzake wa kikundi yuko huko chini na simu, amesimama kando ya wavu uliotengenezwa kwa magunia ya vitunguu, akingoja vifuniko. Huku juu, mwanamke ameishika simu yake ndani ya mfuko wa plastiki.

Mtaa mzima unamwita Mama Beleshi. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho tu, na anasema siku moja karani alipoliita kwa sauti alikaa kimya akidhani anaitwa mtu mwingine. Amefanya kazi ya kuzibua mitaro kwa miaka kumi na mmoja, katika kikundi cha wanawake sita na wanaume watatu kilichopewa mkataba na ofisi ya mji. Wanafanya kazi siku nne kwa wiki. Ujira wa siku unatosha kilo mbili za unga, sabuni, mafuta ya kupikia ya kupima na nauli ya kurudi. Siku mvua ikinyesha sana hawalipwi, kwa sababu mtaro uliojaa maji hauzibuliwi.

"Yaani mvua tunaisubiri wote, lakini ikija inatufukuza kazini," anasema.

Mguu wake wa kushoto una mshono wa nyuzi saba, kumbukumbu ya kioo cha dirisha ambacho mtu alikitupa mtaroni badala ya jalalani. Mkono wake wa kulia haukunjiki vizuri wakati wa baridi. Hayo anayataja harakaharaka, kama mtu anayetaja bei, kisha anarudi kwenye kitu anachopenda kukieleza, yaani tope.

Ukitaka kumfurahisha Mama Beleshi, muulize kuhusu tope. Kikundi chao kina desturi ya kuipa mitaro majina kulingana na kinachotoka humo. Kuna Mtaro wa Ndala, ambao haijulikani kwa nini unatoa ndala za mguu wa kulia tu. Kuna Mtaro wa Oili, unaopita nyuma ya magereji. Kuna Mtaro wa Nywele, unaopita sokoni mbele ya saluni tano zilizopangana, na tope lake hutoka limesukwa na nywele za bandia mpaka linaning'inia kwenye beleshi.

"Nifunge macho, nipe tope mkononi, nitakwambia limetoka mtaa gani," anajigamba. Mwandishi alimjaribu kwa makopo matatu. Alipata mawili, na la tatu akadai limechanganywa makusudi ili aaibike.

Ujuzi huo wa tope ndio uliomfungua macho. Pia ndio uliomnyima usingizi, na ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi nyuma miaka miwili.

Wakati huo, soko lilikuwa likifurika kila mvua kubwa. Maji yalikuwa yakisimama hadi kwenye meza za nyanya, na watu waliyavuka wakiwa wameshika viatu mkononi. Sababu ilijulikana. Chini ya barabara kuu kuna kalavati, bomba pana la zege linalopitisha maji upande wa pili, nalo lilikuwa limeziba kwa miaka isiyopungua tisa. Hakuna aliyethubutu kuingia ndani.

Mama Beleshi aliingia. Kwa siku tatu alikuwa akitambaa humo kwa tumbo, kamba imefungwa kiunoni ili wenzake wamvute akizidiwa. Alitoa magodoro mawili, matairi, mlango wa jokofu, mizizi minene kama mkono na tope ambalo lilijaza lori zima. Siku ya tatu jioni aliona mwanga upande wa pili akapiga kelele mpaka wenzake wakadhani ameumwa na nyoka.

"Nilitoka nanuka, hata mume wangu alinipa chakula nje," anasimulia. "Lakini sijawahi kujisikia hivyo. Nilijiona kama mimi ndiye mwenye mji."

Mvua iliyofuata, soko halikufurika. Wauza nyanya walimchangia kitenge. Msimamizi wa mitaro wa ofisi ya mji, mtu asiyesifia ovyo, alimwita mbele ya vikundi vyote akasema huo ndio mfano wa kazi. Mama Beleshi alitembea wiki nzima kichwa juu.

Mvua hiyohiyo ilimega ua wa mama yake.

Hakuhusisha mambo hayo mawili, na usimlaumu, kwa sababu hakuna aliyeyahusisha. Nyumba ya mama yake iko mtaa mwingine kabisa, ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya uwanja wa mpira. Kijibonde kilichopita pale kilikuwa kidogo, watoto walikuwa wakikiruka. Kutoka ukingo wake hadi ukuta wa chumba cha nyuma zilikuwa beleshi kumi na nane. Mama Beleshi hupima kila kitu kwa mpini wa beleshi lake, na kipimo hicho anakiamini kuliko futi ya fundi.

Msimu ule ulipokwisha zilikuwa beleshi kumi na moja. Msimu uliofuata zikawa tano. Choo kilitumbukia siku ya Jumapili, bahati nzuri kikiwa tupu. Banda la kuku likafuata.

Mama mtu, mjane wa miaka sabini na mbili aliyeishi kwa kushona sare za shule hadi macho yalipomgomea, alitafuta mkosaji na hakwenda mbali. Jirani yake wa upande wa pili ni mfyatua matofali. Ana uwanja, ana mchanga, ana mashine. Kwa mama, hesabu ilikuwa imekamilika: jirani anachimba mchanga korongoni, ndiyo maana ardhi inakimbia.

"Nilimwambia machoni, wewe mwizi, unaila nyumba yangu kwa kijiko," anasema mama, akiwa ameketi mbele ya cherehani ambayo siku hizi anaitumia kuwekea redio. "Akaapa. Nikamwambia kiapo cha mwizi nakijua. Tangu siku hiyo salamu yake sikuitikia."

Ilipita zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila salamu.

Siku tope lilipomfungua macho Mama Beleshi ilikuwa siku ya kawaida. Alikwenda kumfulia mama yake. Alipokuwa anaanika nguo, aliona kitu cheusi kimejizungusha kwenye nguzo ya uzio iliyobaki ikining'inia juu ya korongo. Alikivuta. Zilikuwa nywele za bandia, ndefu, zimeshikana na tope la kijivu lenye harufu ya dawa ya kulainishia nywele.

"Nilizinusa tena," anasema. "Nywele zile nazijua. Nazitoa kila wiki kwa mikono yangu. Nikajiuliza, Mtaro wa Nywele umefikaje kwa mama yangu?"

Alikaa chini palepale, nguo mbichi mapajani. Mtaro wa Nywele uko sokoni. Maji ya soko yalikuwa yakiishia sokoni, kwa sababu kalavati lilikuwa limeziba. Kisha kalavati likazibuliwa.

Aliyelizibua alikuwa yeye.

Hakumwambia mama yake. Alianika nguo, akaaga, akaenda zake. "Niliona haya. Ningeanzaje? Mama, yule mwizi unayemtukana kila siku ni mimi?"

Mtu mwingine angeishia kwenye majuto. Mama Beleshi alishikwa na majuto na udadisi kwa wakati mmoja, na udadisi ndio uliomwamsha asubuhi iliyofuata. Alitaka kujua ni maji kiasi gani yanafika pale, na yanatoka wapi. Soko peke yake, alifikiri, haliwezi kula ardhi kiasi kile.

Mdogo wake ana saluni. Alimwomba chupa za rangi za kucha zilizobaki matone. Akaokota vifuniko vya soda, akavipaka: vyekundu kwa ajili ya soko, vya bluu kwa kituo cha mabasi, vyeupe kwa shule. Kila mvua iliponyesha, yeye na wenzake watatu waligawana midomo ya mitaro na saa za mkononi, huku mmoja akilinda wavu kule chini. Walirudia hivyo kwa mvua tisa. Watu waliwaona wamerukwa na akili. Mume wake alimuuliza kwa upole kama kuna jambo anataka kuzungumza.

Alichokipata kilimduwaza. Alitegemea vyekundu vya sokoni vitangulie, kwa kuwa soko liko karibu na kalavati. Vyekundu vilikuwa vikichukua dakika kumi na saba, na vingi vilinasa njiani kwenye maganda na magunia. Vya bluu vilifika vichache. Vyeupe vya shuleni, kutoka juu kabisa, vilifika kwa dakika sita. Kati ya arobaini, thelathini na tatu viliingia wavuni.

"Nikasema saa imeharibika. Nikaazima nyingine. Dakika sita!"

Alipanda hadi shuleni kuangalia. Uwanja wa shule, ambao yeye mwenyewe aliukumbuka una nyasi na vumbi, ulikuwa umemwagwa zege miaka mitatu iliyopita, mlango kwa mlango. Madarasa mapya sita yalikuwa na mabati mapana yasiyo na tangi hata moja. Na mtaro mpya, laini kama sahani, ulikuwa umeteremshwa nyuma ya soko moja kwa moja hadi kwenye kalavati. Mvua iliyokuwa ikinywewa na nyasi sasa haikuwa na pa kuingia. Ilikuwa ikiteremka yote, kwa pamoja, bila kizuizi, ikapita kwenye bomba alilolisafisha yeye na kutua kwenye udongo wa mama yake.

Msimamizi wa mitaro anakiri kwamba alipoelezwa mara ya kwanza hakumsikiliza. Ni mtu mkavu, amefanya kazi za ujenzi miaka ishirini na tano kabla ya kuingia ofisini, na meza yake ina mafaili hadi kwenye kiti cha wageni.

"Alikuja na kopo la vifuniko akanimwagia mezani," anasema. "Halafu akaniambia anaomba ruhusa ya kupanga mawe kwenye mtaro wa shule, ili maji yasikimbie. Nikamwambia, mama, mimi nakulipa uyatoe mawe mtaroni. Leo unataka nikulipe uyatie?"

Mama Beleshi alimjibu kwamba akitaka atayatia bure. Msimamizi akamwambia aondoke. Aliondoka, ila kopo aliliacha.

"Nilizihesabu zile takataka zake siku mbili," msimamizi anasema, na hapo anatabasamu kidogo. "Siku ya tatu nikaenda mwenyewe kusimama korongoni wakati mvua inanyesha. Sisi hupima kazi kwa kuangalia kama mtaro ni msafi. Msafi, tiki. Hakuna aliyewahi kuniuliza maji yakishatoka kwenye mtaro msafi yanaenda kumfanya nini nani. Hilo lilinisumbua."

Alitoa ruhusa ya majaribio, kwa mdomo, kwenye mtaro mmoja.

Kwa mwalimu mkuu ilikuwa ngumu zaidi. Zege lile lilikuwa fahari yake. Wazazi walichanga kwa miaka miwili ili watoto waache kuingia madarasani na tope. Sasa anakuja mwanamke wa mitaro kumwambia alivunje.

Mama Beleshi hakubishana. Aliomba ndoo mbili za maji na dakika tano za wakati wa mapumziko. Ndoo ya kwanza aliimwaga kwenye zege, mbele ya wanafunzi waliokuwa wamemzunguka, na maji yakafika getini kabla hawajamaliza kushangilia. Ya pili aliimwaga kwenye bustani ndogo ya maua iliyobaki pembeni. Watoto wakangoja maji yatokee. Hayakutokea. Wakaanza kuyatafuta kwenye majani.

"Yako wapi?" aliwauliza.

"Yamenywewa!" wakajibu.

Mwalimu mkuu anasema hakubali kwamba alishindwa hoja na ndoo, lakini anakubali kwamba usiku ule alifikiri. Kamati ya shule ilikaa. Baada ya mvutano ikaridhia, shingo upande, kupasua ukanda mmoja tu wa zege wenye upana wa hatua mbili, kando ya ukuta wa chini. Kikundi kilichimba hapo shimo refu, kikalijaza kokoto na vipande vya zege lilelile, ili maji ya mabati yaingie humo na kuzama taratibu. Kwenye mtaro walipanga safu kumi na nne za mawe, kila baada ya hatua kadhaa, chini kiasi cha kutozuia maji bali kuyakwaza. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu.

Mvua ya leo ndiyo ya kwanza kubwa tangu walipomaliza.

Dakika ya sita inapita. Simu iko kimya. Mama Beleshi anaiangalia ndani ya mfuko wake wa plastiki, anaipangusa, anaiangalia tena. Dakika ya saba. Kinyozi ameacha mkasi hewani, na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, ametoa shingo nje kuangalia.

"Vimezama nini?" anauliza kinyozi, safari hii bila mzaha.

Dakika ya tisa. Ya kumi. Kwenye dakika ya kumi na moja simu inaita, na mwenzake aliyeko chini anapiga kelele kiasi kwamba hakuna haja ya spika. Cheupe cha kwanza kimeingia wavuni. Mama Beleshi anaruka juu, mabuti yanatoa maji, na mwandishi anajikuta anapigwa kofi la mgongo ambalo hakulitarajia. Mwishowe vifuniko kumi na tisa vitahesabiwa wavuni. Vingine vimekwama nyuma ya mawe, mahali ambapo maji yamelazimika kupumzika.

Mvua inapokatika, tunateremka hadi korongoni. Hapo furaha inapungua.

Ukingo umemegeka tena. Safari hii si beleshi nzima, ni upana wa kiganja kimoja, lakini umemegeka. Mama Beleshi analaza mpini chini, anapima mara mbili. Zile beleshi tano zilikuwa zimeshaliwa na mvua zilizotangulia; kutoka ukutani hadi ukingoni sasa zimebaki beleshi mbili na kiganja.

Msimamizi, ambaye amekuja kwa pikipiki bila kuitwa, anaeleza anachokijua. Maji yamepungua kasi, hilo halina ubishi. Lakini ukingo umesimama wima, udongo wake umelegea, na utaendelea kuanguka wenyewe mpaka ukatwe uwe mteremko na kupangwa mawe au matofali chini hadi juu. Ili kuukata mteremko, ardhi inatakiwa. Ardhi hiyo ndipo kiliposimama chumba cha nyuma. Mvua kubwa zenyewe zinategemewa baada ya wiki tano, na fungu la ofisi la ujenzi wa kingo limekwisha mpaka mwaka ujao.

"Bila hivyo?" anauliza mama, ambaye ametoka na kusimama mlangoni akisikiliza.

"Bila hivyo, mama, chumba kinakwenda. Na kikienda kwa kuanguka, kinaweza kuivuta nyumba yote."

Mama Beleshi ameinamia mpini wake. Halafu, pengine kwa sababu ya vifuniko kumi na tisa, pengine kwa sababu hawezi tena kuibeba siri yake, anapiga moyo konde.

"Mama, yule jirani hajachimba mchanga wako."

"Nani kakwambia?"

"Ni mimi. Lile kalavati nililozibua, maji yake ndiyo haya. Nimejua tangu mwaka jana. Nilishindwa kukwambia."

Mwandishi anatafuta mahali pa kuweka macho yake, na msimamizi anaanza kuikagua pikipiki ambayo haina tatizo lolote.

"Kwa hiyo," mama anasema, "muda wote huu namtukana mtoto wa watu bure?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unanisikia, unanifulia, unanyamaza?"

"Nisamehe."

"Hilo tutazungumza mimi na wewe, hawa watu wakiondoka. Kwanza nipe mkono. Tunavuka."

Wanavuka, mama ameshikilia bega la binti yake, hadi kwenye uwanja wa matofali. Mfyatua matofali, mtu mrefu mwenye saruji hadi kwenye nyusi, anaacha mashine anapowaona. Hajui kama akimbie au akae. Mama anamsalimia. Kisha anamwambia kwa sauti ambayo mtaa unaweza kuisikia, kwa sababu matusi nayo mtaa uliyasikia, kwamba alimsingizia na anamwomba radhi.

"Mama, mimi niliyazoea," anasema jirani. "Asubuhi isipopita na tusi lako nilikuwa naona siku haijaanza."

Mama anacheka mpaka anafuta macho, na si wazi kama yote ni ya kicheko.

Ni hapo uwanjani, akiwa ameketi juu ya rundo la matofali, ndipo anapouliza maswali yake. Ukingo wote unahitaji matofali mangapi? Msimamizi anakadiria mia saba. Chumba cha nyuma kina mangapi? Jirani, ambaye kazi yake ni kuhesabu matofali, anavuka kwenda kukitazama na kurudi: kama mia nne na hamsini yatakayotoka mazima, wakivunja kwa uangalifu. Yaliyobaki, anasema bila kuulizwa, ana matofali yaliyopasuka pembe ambayo hakuna mnunuzi anayeyataka.

Chumba hicho alikijenga marehemu mume wa mama, tofali moja moja, jioni baada ya kazi. Kilimchukua mwaka mzima na ushee. Humo ndimo mama alimomuuguza. Mama Beleshi anafungua mdomo kusema kitu, mama anamzuia kwa kiganja.

"Kile chumba kinakwenda hata nikikataa," anasema. "Kikitumbukia chenyewe, kinaondoka na vyumba viwili vilivyobaki. Tukikivunja wenyewe, kinabaki pale chini kinanishikia ardhi. Baba yenu hakuwa mtu wa kupenda kazi yake ipotee."

Wanakubaliana Jumamosi. Mama atahamishia kitanda sebuleni. Kikundi cha mitaro kitakata mteremko, jirani atapanga matofali, na msimamizi, ambaye Jumamosi si siku yake ya kazi, anasema atapita tu kuangalia, ila atakuja na glovu.

Mama Beleshi anasema matumaini yake si makubwa. Anataka mvua kubwa zipite, aje na mpini, apime, akute namba ileile aliyoiacha. Baada ya hapo anataka kwenda kuomba shule ipasue ukanda wa pili, kisha kituo cha mabasi, na kwenye kila kalavati atakalotumwa kuzibua, ataenda kwanza upande wa pili kuangalia nani anaishi huko.

"Jumamosi nitaanza mimi, mama," anamwambia. "Wewe ukae kwa jirani, usitazame."

"Nikae kwa jirani nifanye nini?" Mama ameshasimama, anajikung'uta vumbi la saruji kwenye gauni. "Nyundo ya kwanza mtanipa mimi. Nisije kesho nikasema mmenibomolea nyumba."